Turubai Uani kwa Bi Moza

Kama unajiita mtu wa Kariakoo na hujawahi kula achari ya Bi Moza, basi wewe si wa Kariakoo, wewe unapita tu. Umekuja Mtaa wa Kongo kununua begi, ukapotea kidogo, ukala muhogo, ukarudi zako Mbezi kutamba kwamba mjini unapajua. Kausha, mwanangu.

Bi Moza anakaa kichochoroni kwetu, kwenye nyumba ya zamani ya bati, yenye baraza mbele na ua nyuma. Huku na huku yameota maghorofa. Ukipanda lolote la karibu ukachungulia chini, unaiona ile nyumba imekaa kama jino la mwisho la bibi: limechakaa, ila ndilo linalotafuna.

Na linatafuna kweli. Msimu wa embe ukifika, uani kwake vichanja vinapangwa ukuta hadi ukuta. Embe mbichi zimekatwa vipande, zimepakwa chumvi na manjano, zinaota jua mpaka zinajikunja kama masikio ya mzee. Ndipo zinaingia kwenye pilipili, siki na vikorombwezo vingine ambavyo ukimuuliza anakwambia, "Kanipose kwanza. Nikiwa mke wako nitakwambia." Ana miaka sabini na kitu huyo. Mume alishatangulia zamani, na wa pili hamtaki, ila utani ndio chakula chake cha nne kwa siku.

Ukimpa "Shikamoo Bi Moza," anaitikia, "Marahaba, umeoa?" Ukisema bado: "Basi nunua achari, ule na upweke wako."

Vidole vyake ni vya njano mwaka mzima. Achari hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake, ambao sasa wako Muscat na kila Ijumaa wanamsihi aende akapumzike kwenye kiyoyozi. Hataki. Anasema jua la Muscat linaunguza, la kwake linakausha.

Sasa hilo jua lake ndilo lilitaka kuondoka.

Iko hivi. Jua la uani kwa Bi Moza ni la mgawo. Upande wa mashariki kuna ghorofa la maduka ya vyombo, kwa hiyo asubuhi nzima ua uko kivulini. Jua linachungulia baadaye, mchana ukikaribia, halafu linapiga mpaka jioni, kwa sababu upande wa magharibi ni nyumba ya Hamud, na nyumba ya Hamud nayo ni ya chini. Hilo jua la mchana ndilo kila kitu. Liondoe, utabaki na embe zilizoota ukungu na bibi mwenye hasira.

Halafu siku moja ikabandikwa karatasi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Lugha yenyewe ya kiofisi, imekaza shingo, lakini maana yake ilikuwa kwamba mpango wa eneo unabadilishwa. Vichochoro vyetu, ambavyo kwenye ramani ya zamani mwisho wake ni nyumba za chini, sasa vitaruhusiwa ghorofa mpaka kumi. Mwenye maoni ayapeleke.

Grupu la WhatsApp la kichochoro likawaka. "Maendeleo hayoo!" "Fremu zitaanza kupangishwa lini?" Mmoja akatuma stika ya mbuzi anayecheza. Ukiuliza nani kapeleka maoni, jibu ni hakuna. Tulikuwa bize kucheka mbuzi.

Hamud ndiye alikuwa wa kwanza kuchorewa ramani. Ana duka la mapazia, mtu mstaarabu, kazaliwa ukuta kwa ukuta na Bi Moza. Mama yake alipougua, Bi Moza ndiye aliyemlisha Hamud, akamwogesha, akamchapa. Mpaka leo anamwita Khalti, mama mdogo. Kwa hiyo akaja mwenyewe barazani, ramani kaikunja kwapani kama mkeka.

"Khalti, ghorofa kumi. Chini fremu, juu vyumba vya kupangisha. Ona ilivyo nzuri."

Bi Moza akatazama. "Nzuri. Mimi niko wapi?"

"Wewe si uko kwako, hapa." Hamud akagusa pembeni, pale mchoraji alipochora mti.

"Kwa hiyo mimi mti."

"Khalti bwana!"

"Na jua langu?"

Hamud akajikuna shingo. "Hilo nimelifikiria. Nitakupa juu kabisa, kwenye paa. Hakuna wa kukuziba huko, unaanika unavyotaka."

"Ghorofa ya kumi? Na magoti haya?"

"Kuna lifti."

"Umeme ukikatika niko juu na embe zangu, nashukaje? Nirushwe?"

"Basi nakununulia mashine ya kukaushia. Ya umeme, ya kisasa."

Bi Moza akamkazia macho, kama anamtafuta yule mtoto aliyemwogesha ndani ya lile jitu la ndevu. "Hamud. Achari ya mashine uliila kwa nani wewe?"

Hamud akainuka. Akaondoka na ramani yake, na kichupa cha achari mkononi, maana hata ukigombana na Bi Moza hutoki mikono mitupu.

Wengine wangelia. Bi Moza akavaa baibui akaenda ofisini.

Alianza kwa Mzee Bakili, mwenyekiti wetu wa mtaa, akamkuta anajipepea na faili.

"Bi Moza, mimi niko na wewe," akasema Mzee Bakili. "Lakini maoni ya mtaa yanatoka kwenye mkutano wa mtaa. Na mkutano nikiuitisha wanakuja nani? Mimi, mtendaji, na yule mzee anayefuata feni aje kulala. Akidi haitimii. Bila akidi hakuna muhtasari, na bila muhtasari manispaa watajua tumekubali."

"Tangaza na kipaza sauti."

"Nimetangaza mpaka koo limekauka. Watu wa humu ukiwatangazia mkutano wanasikia umetangaza kodi."

Kweli tupu. Hata mimi siku hizo nikisikia kipaza sauti cha Mzee Bakili nilikuwa nageuza njia.

Akahamia kwa diwani, Mheshimiwa Sadalla. Hapo sasa. Simu inaita mpaka inachoka yenyewe. WhatsApp ndiyo usiseme. Bi Moza haandiki, anatuma sauti, na sauti zake ni ndefu, zina utangulizi, zina salamu za familia nzima, katikati anamfukuza paka, kisha anaingia kwenye mada. Tiki mbili. Zikageuka bluu. Kimya. Kesho yake ikarudi ile picha ya mikono miwili iliyobanwa pamoja, basi.

Akampelekea simu mpangaji wake, Vitalis. "Hii maana yake nini?"

Vitalis akatazama. "Amekuombea, Bi mkubwa."

"Nimemwambia aje, sijamwambia aniombee! Mimi maiti?"

Huyu Vitalis ni mtu wa Masasi, anashona maturubai kwenye karakana moja kule mtaa wa Gerezani, na amepanga chumba cha uani tangu hajaota ndevu. Ni Mkristo, Krismasi yake anayo, ila futari ya Bi Moza haijawahi kumpita. Wanataniana kutwa. Yeye anamwita "Mwarabu asiye na kisima cha mafuta," Bi Moza anamwita "korosho mbichi." Ua ukifa, naye amekwisha, na alikuwa analijua hilo.

Mwisho Bi Moza akaenda manispaa, kwa watu wa mipango miji. Huko akakutana na dada mmoja anaitwa Najma, mdogo tu, mpole, meza imejaa ramani mpaka chai yake inakaa sakafuni. Najma akamsikiliza yote, pamoja na ya paka.

"Bi mkubwa, nimekuelewa," akasema. "Ila kwenye kikao siwezi kusimama nikasema kuna bibi analipenda jua. Nionyeshe kivuli kitafika wapi na kitaharibu nini. Na mtaa wenu ukae, uniletee muhtasari. Maoni yanafungwa Ijumaa."

"Nikikuonyesha kivuli chenyewe, utakuja?"

"Kivuli cha jengo ambalo halijajengwa?"

"Mwanangu, utakuja au huji?"

Najma akacheka. "Alhamisi mchana nina kazi hapo Kariakoo. Nitapita."

Bi Moza hata nyumbani hakwenda. Akapanda basi la mwendokasi mpaka Gerezani, akamfuata Vitalis karakanani, akamkuta katikati ya vitambaa kama mtu anayeogelea.

"Vitalis, turubai lenu kubwa kuliko yote ni lipi?"

"La lori au la shughuli?"

"La kuziba jua lote la uani, kuanzia ukuta wa Hamud."

Vitalis akatoa uzi mdomoni. "Bi mkubwa, unataka kukodi kivuli?"

"Nataka ghorofa la Hamud, la kitambaa. Alhamisi. Na viti ulete, mgeni wa serikali hakai kwenye ndoo."

Mbali na hilo, tangu mwanzo wa wiki alikuwa ameshaanika embe za fungu moja kwenye vichanja viwili. Kimoja palepale juani. Kingine kwenye ukumbi, kivulini. Hakumwambia mtu. Alikuwa anakuja, anavinusa, anaondoka anatabasamu.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wa mikoani. Dar, turubai la harusi linajulikana miezi kabla, lina kamati, lina spika. Lakini turubai likifungwa ghafla asubuhi ya siku ya kazi, viti vya plastiki vikashushwa barazani, hapo hakuna anayeuliza. Kuna msiba. Hata mtoto anajua. Vitalis mwenyewe, aliyefunga maturubai ya misiba nusu ya Ilala, analijua kuliko wote. Ila siku ile akili yake ilikuwa kwenye kamba, na akili ya Bi Moza ilikuwa kwenye pilipili.

Alhamisi asubuhi kigari cha kirikuu kikaingia kichochoroni, nyuma kimebeba turubai la bluu na viti. Vitalis akapanda ukutani, akafunga ncha moja kwa Hamud, akalivuta juu ya ua wote. Lilivyokuwa kubwa, likapita juu ya bati, likamwagikia mpaka mbele juu ya baraza. Ndani, Bi Moza alikuwa anakaanga pilipili kavu, na moshi wake unatoka nje umekunja ngumi. Vitalis macho yakawa mekundu, machozi yanachuruzika mpaka kidevuni.

Hapo akapita Safari. Safari anauza kahawa, na pia ndiye admini wa grupu, kwa hiyo hakuna kinachompita.

"Vitalis, kuna nini?"

Vitalis alikuwa na kamba kwenye meno. Akatikisa kichwa kwamba hawezi kuongea. Chozi likadondoka. Akanyoosha kidole ndani.

"Bi Moza?" Safari akauliza, sauti imepungua.

Vitalis akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, yumo ndani.

Safari akaweka birika chini taratibu. Vitalis akashuka, akarukia kirikuu, akaenda kufuata viti vilivyobaki. Akamwacha Safari na simu, na hilo ndilo kosa lenyewe.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Moza hatunaye. Turubai limeshafungwa."

Aisee. Simu zililia kichochoro kizima kama zimefungwa kwenye waya mmoja. Yule wa stika ya mbuzi akaifuta haraka, akaweka mshumaa. Picha ya Bi Moza ikajaa kwenye stetasi zetu, "Pumzika mama yetu wa achari," na watu ambao walikuwa wanamkimbia kwa sababu ya "umeoa?" ndio walioandika marefu zaidi. Na mimi nikiwemo, hadi leo nina skrinishoti, naona aibu.

Kariakoo kufika mahali si shida, wote tuko hatua chache. Machinga wakafunika meza, wakatia timu. Wanawake wakaja na masufuria, kanga zimefungwa kiunoni, wakapita moja kwa moja uani, mafiga yakapangwa, mchele ukaanza kuchambuliwa. Wanaume wakajaza viti. Vijana wakaenda msikitini wakarudi na jeneza, wakaliegesha barazani.

Na marehemu? Marehemu alikuwa chumbani kajifungia. Alimaliza pilipili, akaoga, sasa alikuwa anavaa baibui jipya na kujifukiza udi, maana mgeni wa serikali anakuja. Harufu ya udi ikapenya chini ya mlango mpaka uani. Wanawake wakatazamana.

"Wameshaanza kumwosha," mmoja akanong'ona. Vilio vikapanda. Ndani, Bi Moza akasikia kelele, akadhani ni wauza nazi wanagombana. Akaongeza udi.

Sasa nani akafika kabla hata mchele haujaingia maji? Mheshimiwa Sadalla. Yeye simu zinampita, ila msiba hajawahi kuukosa hata mmoja. Kofia kichwani, uso wa huzuni tayari umepigwa pasi. Akawapa watu mkono, akashika kipaza sauti cha Mzee Bakili, akasimama kando ya jeneza.

"Ndugu zangu, msiba huu ni wetu sote. Huyu alikuwa mama yangu. Alikuwa hamalizi wiki hajanipigia. Na mimi, kazi ziwe nyingi vipi, nilikuwa napokea, namsikiliza—"

"Muongo!"

Tuligeuka wote. Mlangoni kasimama Bi Moza, baibui linang'aa, moshi wa udi unamfuata, kichanja cha embe mkononi.

"Hujapokea hata moja! Umenitumia mikono tu!"

Sufuria likaanguka. Safari akapiga shahada kwa sauti ya mtu anayezama. Waliokaa karibu na jeneza wakahama na viti vyao matakoni. Yule mzee anayelala mikutanoni akaamka.

"Nani kafa?" Bi Moza akauliza.

Safari akaficha simu mgongoni.

"Nauliza nani kafa kwangu mimi sijaambiwa?" Macho yake yakatua kwenye jeneza. "Na hilo la nani?"

Mzee Bakili akakohoa. "Lilikuwa... lilikuwa la kwako, Bi Moza."

Bi Moza akalipima kwa macho toka juu mpaka chini. "Fupi," akasema.

Wakati huohuo Vitalis akatokea kona, viti kavibeba kichwani mpaka haonekani uso. "Bi mkubwa, mbona serikali imekuja yote?"

Hapo kicheko kikapasuka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, wengine bado wana machozi ya msiba, yakachanganyika hukohuko. Simu ya Bi Moza ikaanza kuita chumbani, mtu akamletea. Muscat.

"Mama? Mama, umekufa?"

"Nitakupigia," Bi Moza akasema. "Nina wageni."

Aliyefika mwisho alikuwa Hamud. Alikuwa anapokea mzigo wa mapazia, simu kaiacha dukani. Akapenya kwenye watu analia kama mtoto, kanzu imevaliwa nyuma mbele, na alipomwona Bi Moza amesimama akapiga magoti palepale.

"Khalti. Wameniambia presha imekuua. Kwa sababu ya ghorofa langu."

"Mimi nife kwa sababu ya muuza mapazia?" Bi Moza akamfuta machozi kwa vidole vyake, akamwachia mistari ya manjano mashavuni. "Inuka, unanichafulia baraza."

Lakini mkono wake aliuacha kichwani pake muda mrefu kidogo, na watu wakajifanya wanatazama kwingine.

Mheshimiwa Sadalla alikuwa ameanza kula kona, anarudi kinyumenyume kuelekea gari lake. Bi Moza akamwona.

"Mheshimiwa! Umeweza kuja kunizika, unashindwa kunisikiliza? Kaa. Ubwabwa umeshabandikwa."

Sasa diwani gani anatoka msibani ubwabwa uko jikoni, mbele ya wapiga kura, hata kama maiti anatembea? Akakaa.

Ndipo Mzee Bakili akasimama. Alikuwa anazungusha kidole hewani, midomo inacheza, anahesabu vichwa. "Jamani," akasema, sauti inatetemeka. "Akidi!"

"Nini?"

"Akidi imetimia! Kichochoro chote kiko hapa! Mtendaji yuko wapi?"

"Niko hapa, mwenyekiti," mtendaji akanyoosha mkono. "Nilikuwa wa jeneza, upande wa kulia."

"Lete karatasi. Mkutano wa mtaa umefunguliwa. Asiondoke mtu."

Na ndivyo Najma wa mipango miji alivyotukuta. Akafika pale, akaona turubai, jeneza, wanawake jikoni. Haraka akavuta mtandio juu ya kichwa. "Poleni sana. Nani ametutoka?"

"Hakuna, dada," Safari akamjibu. "Tuko kwenye ajenda."

Bi Moza akamshika mkono akampeleka uani. Jua lilikuwa limefika pale linapofikaga mchana, na turubai limelimeza lote. Ua mzima wa bluu, watu wanaonekana kama wako chini ya bahari. Bi Moza akaweka vichanja viwili mbele yake. Kipande cha juani kikavu, kimejikunja, ukikivunja kinalia. Cha kivulini laini, kinateleza, kimeota manyoya meupe.

"Embe za mti mmoja, kisu kimoja, chumvi moja," akasema Bi Moza. "Hiki cha juani. Hiki cha ghorofa."

Najma akagusa, akanusa, akakunja uso, akapiga picha. Akatazama juu kwenye kitambaa. "Na hili turubai ni sawa na ghorofa ngapi?"

"Ghorofa moja na nusu," Vitalis akasema toka ukutani. "Kumi kazipige hesabu mwenyewe."

Mkutano haukuwa wa kupongezana, msidhani. Watu walibishana. Mimi mwenyewe nilisimama. Nikamwambia, "Bi Moza, achari tunaipenda, ila sisi vijana tutakaa wapi? Chumba mjini hapa hakishikiki. Ghorofa zikikataliwa, tutahamia Chanika tuwe tunakuja Kariakoo kwa viza." Wengi wakapiga makofi, na haki yao.

Bi Moza hakukasirika. "Umeoa?" akaniuliza.

"Bado, Bi Moza."

"Ndiyo maana una haraka. Sikiliza. Mimi sijakataa ghorofa. Kule barabarani jengeni mpaka mpeane salamu na malaika. Huku ndani kwenye vichochoro watu wanafua, wanaanika, watoto wanacheza. Mkipandisha kumi kila upande, mtapata vyumba, ila mtawasha taa saa sita mchana. Jengeni, lakini jua lishuke mpaka chini."

Hamud akainua mkono, uso bado una mistari ya njano. Akasema yeye atajenga tano. Na upande wa kwa Khalti, kuanzia ghorofa ya pili, ukuta utarudi nyuma. "Ramani ni karatasi," akasema, "itachorwa nyingine." Kisha akageuka kwa Bi Moza: "Na mti nitaufuta."

Mikono ikanyooshwa. Barabara kubwa kumi, vichochoro tano, na anayejenga arudishe ukuta nyuma upande wa jirani. Wachache walikataa, wakaandikwa kwamba wamekataa. Mheshimiwa Sadalla akaahidi kulisemea kwenye baraza la madiwani. Safari alikuwa anarekodi.

"Mheshimiwa, rudia hapo pa kuahidi, mkono wangu ulitikisika."

Akarudia. Safari akaomba tena, mwanga si mzuri, turubai linaziba. Akarudia tena. Video ikaenda grupuni kabla hajakaa.

Halafu tukala. Ubwabwa na maharage, na achari juu yake, ile ya juani. Jeneza tukalirudisha msikitini. Imamu akauliza maiti yuko wapi, tukamwambia anagawa wali. Hakucheka mbele yetu, ila tulipofika getini tulimsikia.

Najma alipeleka muhtasari na picha zake Ijumaa, na mambo ya serikali yakaenda kwa mwendo wake wa kiserikali, miezi, watu wakasahau. Mpaka karatasi mpya ikabandikwa kwenye ubao uleule. Barabarani kumi. Vichochoroni mwisho tano, na ukuta kurudi nyuma upande wa jirani, kama tulivyosema. Mara hii watu waliisoma. Mbuzi akarudi grupuni, anacheza.

Nyumba ya Hamud sasa imefika ghorofa ya tatu. Jua halijabaki lote, tusidanganyane. Zamani lilikuwa linakaa uani mpaka karibu na Magharibi, sasa likipita Alasiri kidogo linaaga. Bi Moza amevihamishia vichanja ukuta wa mashariki, linapochelewa kuondoka, na embe zinakauka, ila zinachukua muda zaidi na yeye analalamika zaidi. Kila siku anatoka uani, anapaza sauti juu kwa mafundi: "Ninyi huko! Zimebaki mbili, nawahesabia!" Mafundi wanamjibu, "Shikamoo Bi Moza!" na kabla hajauliza wanamalizia, "Hatujaoa!"

Na Mheshimiwa Sadalla siku hizi anapokea. Juzi nilikuwa barazani Bi Moza alipompigia, mafundi walikuwa wameanza kusogeza ukuta mbele kidogo, kijanja. Simu ikaita mara moja, ikaita mara ya pili.

Bi Moza akageuza shingo kuelekea chumba cha uani. "Vitalis! Lile turubai bado liko Gerezani?"

"Haloo, mama, haloo, niko hapa," simu ikasema.